Kabla hujatoboa paa la mkonga

Mahindi yakianza kukomaa kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, tembo huingia shambani giza likishakolea. Mwenye shamba anapiga simu, pikapu ya doria, mkonga kama tunavyoiita, inawashwa, na kazi inakwenda kwa mtindo uleule wa siku zote. Askari mmoja anaendesha, mwingine amekaa kushoto na redio, wa tatu amesimama nyuma kwenye bodi, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye taa yenye waya mrefu uliochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Huyo wa nyuma ndiye macho ya gari. Akiona kitu, anagonga paa. Dereva anatoa kichwa dirishani kuuliza ni kulia au kushoto, na kabla hajajibiwa tairi la mbele limeshazama kwenye shimo la mhanga, taa inamulika mawingu, na mshika taa anatafuta pa kujishikilia.

Taa inayokaa juu ya paa na kuzungushwa kwa rimoti kutoka ndani inamshusha mtu huyo na kumpa kiti. Sababu hiyo peke yake inatosha kuinunua. Shida ni kwamba wengi wetu tukishaamua, fedha zote zinakwenda kwenye kichwa cha taa. Mahali pa kuifunga tunamwachia fundi aamue, na waya ni ule utakaopatikana duka la jirani. Matokeo yake unayaona usiku: taa ya bei mbaya inayotoa mwanga wa kibatari, imefungwa mahali ambapo inammulika zaidi dereva kuliko tembo.

Wazo lenyewe si jipya. Magari ya polisi Marekani yamekuwa na taa iliyopenyezwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele kwa miongo mingi, mpini wake ukiwa ndani, dereva akiugeuza kwa mkono. Kampuni ya Unity ya Chicago ilijijengea jina kwa taa hizo. Kilichoongezwa baadaye ni mota mbili ndogo, moja ya kugeuza kichwa kushoto na kulia, nyingine ya kukiinua na kukiinamisha. Golight, kampuni iliyopo Culbertson, mji mdogo wa Nebraska, imezifanya taa za namna hiyo zijulikane kwa wafugaji na watu wa uokoaji. Modeli zake za Stryker huzunguka nyuzi 370 na kuinuka na kuinama kwa jumla ya nyuzi 135. Mtu huuliza kwa nini isizunguke tu bila kikomo. Jibu liko ndani ya shingo ya taa: waya unaopeleka umeme kichwani unapita humo humo, na kichwa kikizunguka bila kuzuiwa, waya ungejisokota hadi ukatike. Kwa hiyo taa ina kizuizi, na nyuzi 10 za ziada zipo ili pasibaki pembe isiyomulikwa. Ukinunua taa ya aina yoyote, jua kizuizi chake kiko wapi na ukielekeze nyuma ya gari. Usiku wa kazi hutaki taa ikwame mbele kabisa, ndipo ilazimike kurudi mzunguko mzima kumfuata mnyama aliyehama hatua tano.

Sasa twende dukani. Boksi litakupigia kelele za lumeni: elfu kumi, elfu ishirini, nimeona hadi laki moja kwenye taa inayotosha kiganjani. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uelekee popote. Anayetafuta mnyama mita 200 mbele anahitaji kandela, yaani ukali wa mwanga katika mwelekeo mmoja. Watengenezaji wa tochi wanapoandika umbali wa mwanga kwa kufuata kipimo cha ANSI FL 1, hesabu yao ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Taa ya kandela 40,000 inafika mita 400. Ya kandela 160,000 inafika mita 800. Ukali umeongezeka mara nne, umbali mara mbili tu, na hapo ndipo wauzaji wanapokula fedha za watu.

Tena hizo mita 800 zina maelezo yake. Kipimo hicho huishia pale mwanga unapobaki robo ya laksi, ambao ni karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mbalamwezi utajua kuna kitu, hutajua kama ni nyati au kichaka. Mimi hugawa umbali ulioandikwa kwa tatu na kuhesabu kilichobaki kuwa ndicho nilichonunua.

Kama boksi halina kandela, kuna njia ya kumkamata muuzaji, ukiwa Kariakoo au River Road. Nenda na fundi mwenye mita ya kubana waya inayosoma ampia za DC, muombe muuzaji aiwashe taa kwenye betri, kisha usome. LED nzuri ikiwa tayari ndani ya taa hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Lumeni 20,000 basi zinadai wati 130 na kuendelea, na kwa volti 13 za gari linalonguruma hiyo ni ampia 10 au zaidi. Mita ikisoma 3, taa inakula wati 39, na hata ukiipendelea kwa kila namna haivuki lumeni 6,000. Inaweza kuwa taa nzuri tu. Lakini hiyo si elfu ishirini, na bei iteremke.

Wingi wa mwanga si suala pekee. Mwali wa nyuzi 5 ukifika mita 200 una upana wa mita 17 hivi. Unawatosha tembo wawili hivi. Huo wembamba ndio unaoifanya rimoti iwe na maana, kwa sababu ni lazima uufagie shamba kwa mwali. Taa pana, kama zile ndefu zenye LED nyingi zinazofungwa mbele ya keria, haihitaji kuzungushwa. Inamwaga mwanga mita hamsini za mbele na kazi yake inaishia hapo. Anayekuuzia taa ya rimoti yenye mwali mpana anakuuzia mota usizozihitaji.

Angalia pia rangi. LED nyingi za bei nafuu ni nyeupe inayoelekea bluu, kelvini 6,500 hivi, na huonekana kali sana dukani. Porini, kwenye nyasi kavu na vumbi, nyeupe iliyotulia ya 4,000 hadi 5,000 hutofautisha kahawia na kijivu vizuri zaidi, na macho hayachoki mapema. Kwenye maandishi ya IP, tarakimu ya kwanza iwe 6, maana yake vumbi halipenyi kabisa. Ya pili ikiwa 5 inavumilia maji ya kurushiwa. 7 inavumilia kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Kwetu adui mkubwa wa taa hizi ni kijana wa kuosha magari mwenye mashine ya presha, na IP65 haikuundwa kwa ajili yake. Mwambie apitishe maji mbali na shingo ya taa.

Mahali pa kuifunga ndipo penye utamu wa jambo lote.

Swala, fisi, simba, chui na ng'ombe wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Ndiyo maana macho yao huwaka usiku. Kurudi huko ni kwa mstari mwembamba: kadiri taa inavyokuwa karibu na macho ya mtazamaji, ndivyo unavyoyaona yakiwaka kutoka mbali. Mwindaji wa zamani aliyeifunga taa kwenye paji la uso aliijua siri hiyo. Kwa hoja hiyo, taa ikae juu ya paa, mbele, karibu na kichwa cha anayeangalia.

Lakini vumbi nalo linafuata sheria ileile. Chembe zilizoko angani hurudisha mwanga, na taa iliyo karibu na macho yako inaligeuza vumbi la gari lililotangulia kuwa ukuta mweupe. Ukungu wa alfajiri kwenye nyanda za Ngorongoro hufanya hivyohivyo. Kwa hoja hiyo, taa ishuke kwenye bampa la chuma, mbali na macho. Huko chini nako inapigwa mawe, nyasi ndefu zinatupa vivuli vilivyorefuka, na nyuma yake kuna boneti na kabini, kwa hiyo nusu ya mzunguko wake ni bure.

Nachagua paa. Kazi ya kutafuta hufanyika gari likienda taratibu au limesimama, na hapo vumbi lako mwenyewe linabaki nyuma. Kwa mwendo wa barabarani taa hii izimwe.

Tatizo kubwa la paa ni boneti. Taa iliyo katikati ya paa ikiinamishwa hata kidogo, sehemu ya mwali inaipiga boneti, na pikapu nyingi za doria na miradi ni nyeupe. Mwanga unaruka moja kwa moja kwenye kioo cha mbele, na dereva haoni zaidi ya pua ya gari. Dawa ni kipande cha bati kinachokaa mbele ya taa, kwa chini, kikikata mwanga usiifikie boneti. Au boneti ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Kabla hujatoboa chochote, ishikize taa kwa muda kwa mikanda, subiri giza, kaa kwenye kiti cha dereva, umuombe mwenzako aizungushe. Utaona boneti, utaona mkonga wa kuvutia hewa ukitupa kivuli pembeni, utaona antena ya redio ikikatiza mwali. Ukisogeza taa sentimita 20 kushoto, kivuli cha mkonga huo hubadilika kabisa.

Kuna taa za kukalia sumaku, na mkonga una paa la chuma, kwa hiyo zinashika. Kwa gari la kukodi au kazi ya siku moja sina neno. Kwa gari la kila siku kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi madogo madogo, sumaku inatembea, inakwangua rangi, na chini ya rangi iliyokwanguliwa kutu inaanza. Kutoboa nako kuna mambo yake. Shusha silingi kwanza uone mbavu za paa na waya zinakopita. Ukishatoboa, lainisha ukingo wa tundu, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uweke mpira na silikoni. Fundi anayeruka hatua ya rangi anakutengenezea tatizo la mvua za masika zijazo.

Njia ninayoipenda haihitaji tundu hata moja. Mikonga ina mfereji wa mvua kando ya paa, na keria hushikwa humo. Funga kipande cha bati nene, milimita 4 au 5, kwenye bomba la mbele la keria, taa ikae juu yake. Unene huo si anasa. Bati jembamba linatikisika, na mtikisiko wa nyuzi 1 tu unauhamisha mwali mita tatu na nusu kwa umbali wa mita 200. Utakuwa unamulika kila kitu na huoni chochote. Kichwa cha taa kisipande juu sana, kwa sababu matawi ya migunga hayasamehe, na gia za ndani za taa nyingi ni za plastiki. Kwa sababu hiyohiyo usikigeuze kichwa kwa mkono, hata rimoti ikigoma. Na funga kwa nati za kichwa kisicho cha kawaida, zisizofunguka kwa spana ya kila mtu. Taa za nje zina wapenzi wengi maegeshoni.

Tuje kwenye waya. Kutoka betri ya mkonga kupitia kabini hadi mbele ya paa ni kama mita 6, na umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo 12. Chukua taa ya halojeni ya wati 100, inayokula ampia 8 hivi. Kwa waya wa milimita 1 ya mraba unapoteza karibu volti 1.7 njiani. Halojeni haisamehe hilo: volti zikipungua asilimia 12, mwanga unapungua zaidi ya theluthi. Waya wa milimita 2.5 unashusha hasara hadi volti 0.7, na wa 4 hadi chini ya nusu volti. Taa ya LED yenye mwanga uleule inakula ampia chache na hasara yake ni ndogo, lakini volti zikishuka sana saketi yake huanza kuwaka na kuzima, au mota hukwama katikati ya mzunguko huku mwanga ukionekana mzima.

Fundi atakuambia, "Kaka, waya huu unatosha, mbona taa imewaka?" Mwombe aweke mita kwenye waya za taa yenyewe, taa ikiwa imewashwa, si kwenye betri. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo fedha yako iliyopotea njiani. Kisha chukua wembe ukwangue ncha ya waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina rangi ya shaba juu na alumini nyeupe ndani. Zinapoteza umeme zaidi na hukatika kwa mtikisiko. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu nao usiupe nafasi kwenye gari. Unaotakiwa ni wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba.

Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 hivi, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya. Ukiiweka karibu na taa, mita tano za waya zinapita kwenye bati lenye ncha kali bila ulinzi wowote, na shoti ikipigwa hapo kabini inawaka. Waya wa kurudi, kama haufiki hadi betri, usifungwe kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Ukwangue bodi hadi chuma cheupe kionekane, ufunge, kisha upake grisi. Taa nyingi zinazocheza baada ya mwezi mmoja zina ugonjwa wa hapo tu.

Mkonga wa kawaida ni volti 12, lakini Canter na malori mengi ni 24, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotumika Japani nazo ni 24. Betri mbili chini ya boneti hazithibitishi kitu, maana zinaweza kuwa zimeungwa sambamba zikabaki 12. Pima. Na kama gari ni la 24, usikubali ujanja wa kuchukua 12 kutoka betri moja. Hiyo itakuwa na njaa daima, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kifaa cha kushusha volti.

Rimoti ziko za waya na za redio. Kwa gari la doria napendelea ya waya iliyofungwa kwenye dashibodi: haina betri ya kuisha, haianguki chini ya kiti. Ukichukua ya redio, soma masafa yake. Marekani huviruhusu vifaa vidogo vitumie megahezi 902 hadi 928, na sehemu ya eneo hilo kwetu ni ya simu za mkononi za GSM 900. Afrika na Ulaya ziko kanda ya kwanza ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambako vifaa vya namna hii hukaa kwenye 433. Kumbuka pia kwamba kipokezi cha rimoti kinabaki macho usiku na mchana. Kikila miliampia 50, kwa wiki mbili gari likiwa limeegeshwa ni karibu ampia-saa 17, na betri iliyochoka haitaliwasha gari. Kipitishe kwenye swichi yake. Jaribio la mwisho ni la redio ya VHF: ifungue hadi isikike mvumo wa kawaida, kisha washa taa. Mvumo ukigeuka mkwaruzo, saketi ya LED inaichafua redio, na askari asiyesikia wenzake yuko hatarini zaidi kuliko asiyeona.

Anayeshika rimoti awe abiria, si dereva. Na asimulike ovyo. Kwenye utalii wa usiku, kama unaofanyika Manyara au kwenye hifadhi binafsi za Laikipia, waongozaji huweka kichujio chekundu na hukwepa kumulika wanyama wa mchana, kwa sababu swala aliyepofushwa ni chakula rahisi cha chui. Shambani lengo ni kinyume: kumsumbua mnyama. Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua akiwa mtoto kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, akatengeneza taa za kupepesa kuzunguka zizi, na mwaka 2013 alizieleza mbele ya jukwaa la TED. Mwali unaosogea una faida hiyo ya ziada. Kwa tembo, hata hivyo, taa ni hatua ya kwanza tu. Zinafuata honi, na mabomu ya pilipili ya unga na mchanga.

Usisahau karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa gari au kwa mwanga wa taa bila kibali, na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Gari lenye taa hii usiku kando ya hifadhi litasimamishwa. Barua ya kazi iwe ndani ya gari, na barabarani taa ifunikwe.

Kama fedha zinatosha kwa kitu kimoja tu mwaka huu, nisingenunua taa ya rimoti. Ningevuta waya wa shaba wa milimita 4 hadi paani, fyuzi karibu na betri, na mwisho wake niweke soketi imara isiyopitisha maji, kisha niichomeke humo taa ya mkono yenye mwali mwembamba. Mshika taa ataendelea kusimama nyuma msimu mmoja zaidi. Bajeti ya pili ikija, taa ya rimoti itakuta waya wake unaisubiri, na wewe utakuwa umeshajua mwali wako unahitaji kufika mita ngapi.